Mate ya Tambuu

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Mombasa. Siku ya pili nikamkuta kibarazani, pale pale nilipomwacha alfajiri, nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu bila kuinua uso: "Narambaza, babu."

Nikamtazama miguu. Mikavu. Nikamtazama mikono: hakuna mshipi, ni simu tu. Kumbe shuleni wamefundishwa kwamba kurambaza ni kupitapita kwenye intaneti. Simlaumu mwalimu wake, kamusi ziko upande wake. Ila mimi neno hilo nililipokea likinuka chuchunge, kabla kompyuta hata moja haijafika Shimoni, na maana yake ilikuwa moja: kuburuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, mtu wa Wasini. Nilianza kwenda naye mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kazi yangu kufua maji na kunyamaza. Ngalawa yake ilikuwa na urefu wa kama mita 6. Tulitoka alfajiri na umande, tukapita baina ya Wasini na Mpunguti, tukaufuata ukingo wa mwamba pale maji ya kijani yanapokatika ghafla na kuwa meusi. Mbele ya hapo ni mlango wa bahari wa Pemba, kilindi cha hadi mita 800, lakini mjomba hakuwa na haja nacho. Nguru, alisema, ni mwizi wa mpakani. Humtafuti sebuleni wala porini, humtafuta penye ua.

Chambo chake kilikuwa chuchunge mzima. Nikifumba macho bado naiona mikono yake ikimtengeneza. Kwanza anamshika kichwa na mkia, anamkunja huku na huku polepole mpaka usikie uti unaachia, tik, tik, tik, kama mtu anayejinyoosha vidole. Chuchunge mwenye uti mkavu, alisema, huenda kama kijiti, na nguru hali vijiti. Kisha anapenyeza waya chini ya taya, ndoana inatokea tumboni, na ule mdomo mrefu anaufunga na waya kwa uzi mwembamba, mizunguko sita au saba, mdomo ukiwa umefumbwa kabisa. Ukiuacha wazi kidogo tu unakunywa maji, samaki anazunguka kama pia, na baada ya robo saa mshipi wote umesokotana. Akimaliza anamtumbukiza ubavuni mwa ngalawa, anamvuta dhiraa mbili tatu, anatazama. Asiporidhika, anafungua na kuanza upya. Jua linapanda, mimi njaa inaniuma, yeye anafungua tena.

Akisharidhika ndipo anapokwenda omo na kutema mate.

Mjomba alikuwa mla tambuu, na mate yake yalikuwa mekundu, hayapotei majini upesi. Aliyatema upande wa demani, sawa na pua ya ngalawa, kisha akahesabu kwa sauti ya chini mpaka yafike usawa wa tezi: moja, mbili, tatu. Tatu ilikuwa sawa. Ikifika nne aliniamuru nivute demani, tanga lishibe. Ikiwa mbili, nilegeze. Mimi nilidhani ni namna ya dua, au ni ile tabia ya wazee kutema tu. Miaka mingi baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: mita 6 kwa sekunde tatu ni kama noti 4. Hesabu ya tatu, siku zote, upepo uwe umande au matlai.

Mwendo ulimhusu sana kwa sababu ya kina. Mshipi wake ulikuwa na fundo za uzi mwekundu kila baada ya pima tano, na chubwi zake zilikuwa plagi kuukuu za gari alizookota kwa fundi wa Ukunda. Plagi moja ilipeleka chambo pima mbili, plagi tatu pima nne au tano, ikiwa hesabu ni tatu. Ngalawa ikikimbia, mshipi unanyooka, maji yanausukuma juu, na chuchunge anapanda mpaka anaruka uso wa bahari kama mtoto mtukutu. Ikipoa, anashuka na kukamata mwamba. Kwa hiyo kanuni ya utoto wangu ilikuwa nyepesi: mbio hupandisha, pole huzamisha. Yeye mwenyewe aliupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, mwisho wake akaufunga kwenye mrengu, akafumba macho. "Anatembea," alisema. Au: "Ameshika mwani." Mimi nilipopewa mshipi nilisikia kitu kimoja tu, uzito.

Mwaka 1986 nikaajiriwa kwenye boti ya watalii wavuvi. Mashine mbili, rodi sita, rili zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Mjomba alikasirika siku tatu, ya nne akaniomba nimletee nailoni iliyobaki. Humo ndimo nilimoiona rapala kwa mara ya kwanza. Sisi hapa kila samaki wa bandia mwenye ulimi humwita rapala, kama vile watu wanavyoita kila dawa ya meno kolgeti, lakini jina ni la mtu: Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, aliyechonga wa kwanza wake mwaka 1936 kwa gome la koki, akamfunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti na kumpaka utomvu wa negativu za picha zilizoyeyushwa. Alimtengeneza kwa ajili ya maziwa ya maji baridi ya kwao. Wa kwetu walikuwa wakubwa, wa sentimita 18, mgongo wa buluu na tumbo jeupe, na chini ya kidevu wana ulimi ulioinama mbele.

Ulimi ule ulinivurugia elimu yote. Boti ikiongeza mwendo, maji yanaukandamiza na samaki anazama. Mbio huzamisha! Nahodha wangu wa kwanza alinicheka nilipomfungia rapala chubwi ili "asipande". Lakini nayo ina mpaka wake. Ukizidisha, samaki analala ubavu, anajirusha, anatoka juu akipiga makofi, na rodi iliyokuwa ikitikisa kichwa kwa utaratibu inakuwa imelala tu. Tena usipoangalia pete ya puani anakwenda kombo: akilalia kushoto unaipinda kulia kwa koleo, kidogo sana, upana wa unywele. Na mshipi nao una neno lake, maana mwembamba hukata maji na kumwacha samaki ashuke, mnene humbeba. Nilijifunza upya kama mtoto wa chuoni. Nilifurahi, sitaficha. Mjomba hakuwa na jibu kwa ulimi wa plastiki, na kijana hupenda kumzidi mzee wake kwa jambo moja.

Kufikia mwaka 1998 nilikuwa nahodha mwenyewe, na boti ikafungwa GPS. Kifaa kile cha mwanzo kilikuwa kituko: Wamarekani walikuwa wakiharibu mawimbi yake kwa makusudi, na mpaka walipoacha, Mei 2000, kiliweza kukosea kwa mita 100, kikakuonyesha umekaa juu ya mwamba nawe unaelea salama. Lakini mwendo kiliutoa kwa tarakimu, na tarakimu zina heshima. Nikaweka sheria botini: rapala, noti 6. Ikishuka 5.5 nakemea, ikipanda 6.5 nakemea. Wageni walipenda kuona nahodha mwenye sheria.

Kwa misimu miwili uvuvi ulikwenda vibaya. Tukienda kusini, tulipata kidogo sana. Tukirudi kaskazini, tulipata kidogo kwa namna nyingine. Nililaumu mwezi, nikalaumu rangi za rapala, nikalaumu meli za mbali. Mabaharia wangu walimlaumu mpishi.

Aliyetutoa gizani ni mgeni kutoka Minnesota, mtu mzima, mpole, mwenye sanduku la mbao analolibeba kama msahafu. Lilijaa samaki wa bandia wa kutisha, wengine urefu wa futi nzima, mmoja wa mbao amekatwa viungo viwili apate kukata kiuno. Kwao, alinieleza, wanaburutia samaki wanayemwita maski, mkubwa kuliko wote katika ukoo wa paiki, mwenye meno, anayepita mita moja kwa urefu, na adimu mno: mtu anaweza kumaliza siku nyingi bila kuguswa. Wanapita kando ya majani yaotayo ziwani, maili 3 mpaka 5 kwa saa, na wakimpata wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha. Nilimwelewa. Kwetu pia, sulisuli walikuwa wakirudishwa na kibandiko mgongoni. Mjomba nilipomhadithia, aliuliza tu kama mgeni yule ana jamaa wa kumtunza.

Mgeni hakutazama GPS hata mara moja. Alitazama ncha ya rodi. Tukienda kaskazini akasema, "Huyu amelala usingizi." Nikamwonyesha tarakimu: 6.0. Tukageuka. Kusini akasema, "Sasa anakimbizwa." Nikamwonyesha tena: 6.0. Akakuna kidevu. Kwenye ziwa lao, akasema, maji yamesimama, kwa hiyo skrini na samaki husema jambo moja. Hapa maji yenyewe yanakwenda wapi?

Nilisimama pale nikiwa nimeshika usukani, na kitu cha kwanza nilichokiona akilini ni mate mekundu.

Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hufikia noti 3 hata 4. Kila mtoto wa Wasini anaujua. Mimi niliujua kabla ya kujua kusoma. Lakini sikuwahi kuutoa kwenye tarakimu ya skrini, kwa sababu skrini hupima boti na ardhi, na samaki wa bandia hana habari na ardhi. Mjomba alipima boti na maji, kwa kitu kinachoelea ndani ya maji hayo hayo. Sikuwa na tambuu. Nikachukua ganda la chungwa alilolitupa mpishi, nikaenda omo, nikalidondosha, nikahesabu mpaka lifike tezi. Boti ile ilikuwa ya mita 9. Kaskazini, skrini ikisema 6, ganda lilichukua karibu sekunde tano: noti 3 na nusu tu, rapala amelala. Kusini, skrini ikisema 6 ile ile, mbili, na ganda limekwisha pita: zaidi ya noti 8, rapala anapiga makofi juu. Misimu miwili! Na mshahara nilikula.

Siku tatu zilizobaki tulivua kwa maganda ya machungwa. Mgeni naye akatuachia lake: ukiwa unakata kona, samaki wa bandia wa nje hukimbia na wa ndani hupoa, basi nguru akimla wa nje, ongeza mwendo, akimla wa ndani, punguza. Tangu hapo sikunyoosha njia tena. Nilikwenda kombokombo kama mlevi, nikiuliza swali kila kona. Yule samaki wa mbao wa futi nzima alitumbukizwa siku ya mwisho, karibu na Mpunguti, na nguru mmoja akamkata kiunoni akaondoka na nusu ya mkia. Ndoana zilizobaki, ambazo hazikuwa za maji ya chumvi, kufika asubuhi zilikuwa na kutu. Mgeni alilifunga gogo lile kwenye taulo kwa furaha kubwa kuliko ya samaki wote tuliompakulia.

Jioni hiyo nilimpeleka kwa mjomba, aliyekuwa amepita miaka sabini na haendi tena baharini. Nilimweleza mzee habari ya ganda la chungwa, nikidhani atafurahi. Akaniuliza kwa nini nilipoteza chungwa.

Mjomba ametangulia, Mungu amrehemu. Ngalawa yake ilikatwa katikati, na nusu yake leo imesimamishwa kwenye hoteli moja ya Diani, imetiwa rafu, inabeba chupa.

Mjukuu nilimchukua baharini siku moja kabla hajarudi Mombasa, kwenye mashua ya jirani yenye mashine ya farasi 15. Chuchunge nilimtengeneza mwenyewe. Alirekodi video ya uti ukivunjwa, akakunja uso. Mshipi ulipokwisha kutoka, akainua simu, akanionyesha: noti 4.2, tena na ramani. "Ndiyo sawa, babu?"

Nikamwambia simu haijui. Nenda omo, tema mate, uhesabu.

Alinitazama kama anayengoja nicheke. Kisha akaenda, akashika ukingo, akakusanya mdomo na kutema kwa nguvu zake zote upande wa joshini, na upepo ukamrudishia yote kifuani.

"Upande wa demani, mwanangu," nikamwambia.