Mikorosho ya Mjane

Kwenye tamthilia ninayoiandikia, familia tatu zinaishi kwenye sebule moja. Nyumba ipo Kibaha. Ikifika zamu ya familia nyingine tunabadilisha mapazia na kugeuza makochi. Ndiyo maana wahusika wangu hawaendi sokoni wala hospitali. Wanarudi kutoka huko na kusimulia. Soko lina kelele, hospitali inataka kibali, na jenereta linakunywa mafuta.

Kazi hii tumeirithi kwa watu ambao hawakuandika sana. Nilikua na michezo ya Kaole, ITV, enzi ambazo Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, walikuwa bado vijana wa kikundi. Michezo mingi ya wakati ule ilianza na kisa tu: wewe mke, wewe hawara, wewe mama mkwe, haya anzeni. Maneno alikuja nayo mwigizaji. Leo tunatakiwa skripti kamili kabla kamera haijawashwa, ila wakongwe bado wanaichukulia kama ratiba ya daladala: ipo, lakini.

Mwaka jana tulihamia Kisarawe wiki moja kurekodi msiba. Tulihitaji kiwanja cha kutandika mikeka, na miti. Ni mkoa uleule wa Pwani, ila tulizungukia Dar es Salaam, tukapandisha Pugu na vyombo vyote. Nilikuwa nimemwandikia mjane: "Ameniacha peke yangu, nitaishije?" Mama aliyeigiza, mwenyeji wa hukohuko, alinisikiliza nikimsomea, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu bwana alikuwa analima nini?"

"Hatujaandika, mama."

Kamera ilipowashwa alikaa kimya, akatazama nje, akasema: "Na ile mikorosho, msimu huu nani ataipulizia?"

Hakuna aliyesema kata. Mpiga picha alifuta macho kwa bega.

Sentensi ile imezaa sehemu sita. Mtoto mkubwa anataka kuuza shamba, mdogo anataka kurudi kulima, shemeji ameonekana na mnunuzi. Sehemu zote hizo nimelipwa mimi. Mama alilipwa siku zake mbili za kurekodi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi kwa alichoandika, na mwigizaji kwa alivyoigiza. Mtu aliyetunga papo hapo mbele ya kamera, kwa mkataba wa siku, inabidi aombewe. Niliomba jina lake liwekwe chini ya langu, upande wa hadithi. Nikajibiwa kwamba tukianza hivyo kila mwigizaji atataka. Ni kweli, watataka. Wengine wanastahili.

Nimeomba tena, safari hii kwa barua, nikaambatanisha skripti yangu na maneno yaliyorushwa hewani, ukurasa kwa ukurasa. Sijajibiwa. Wiki ijayo tunarudi Kisarawe. Mjane ana kurasa mbili, na katikati nimeacha mistari minne mitupu, pembeni nimeandika jina la mama.