Duara Lenye Nukta

Maskauti wetu walipiga kambi Nyeri, tukatembea nao hadi kaburi la Baden-Powell, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburini pana duara lenye nukta katikati, alama ya njiani isemayo, "Nimekwenda nyumbani." Mtoni ndoana zilinasa majani kuliko samaki, tukala maharage.

Lakini mdogo wao, aliyefiwa na babaye majuzi, aligoma kuondoka kaburini. Mvua ilikuwa ikitanda. Mkubwa wao, kijana mwenye papara nyingi, akautua mzigo wake, akaketi kando yake. Wote wakaketi. Tulirejea kambini usiku, tumelowa chepechepe.

Njiani mtoto alituuliza kama baba yake naye aweza kuchorewa duara. Jumapili, baada ya Misa, tutakwenda naye makaburini. Rangi nyeupe tunayo.