Kila Konrodi na Kifuniko Chake

Miongoni mwetu tuliokulia Tanzania na Kenya, nani asiyeikumbuka Peugeot 404? Gari hilo la Ufaransa lilitoka mwaka 1960, likashinda mbio za Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania.

Hapa Rosettenville, uani kwa jirani mmoja, tumekuwa kila Jumamosi tukiiunda upya injini ya gari la namna hiyo, pamoja na vijana wanne waliomaliza shule na kukosa kazi. Jirani alikwisha kuilipa gereji fulani, lakini injini iligonga na kufa upesi. Tulipoifungua tukaona sababu: vifuniko vya konrodi vilikuwa vimechanganywa.

Konrodi na kifuniko chake huchongwa tundu vikiwa vimefungwa pamoja. Kwa hiyo kifuniko cha silinda ya pili hakiifai konrodi ya tatu, hata kama kwa macho vinafanana. Ndiyo maana hupigwa alama.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Mwanya wa kila ringi hupimwa ndani ya silinda, kisha mianya hupishanishwa juu ya pistoni, isije ikakaa mstari mmoja na kuvujisha mgandamizo. Pistoni hupakwa oili, ringi zikabanwa, ikasukumwa polepole kwa mpini wa nyundo. Ikigoma haipigwi; hutolewa na kukaguliwa, kwa kuwa ringi ni nyepesi kuvunjika. Tena slivu za 404 ni za kuchomoka: zisipobanwa, kranki ikizungushwa huinuka, na baadaye maji huingia kwenye oili. Kila kifuniko kikishakazwa, kranki huzungushwa kwa mkono kuhakikisha kwamba hakuna kinachokwama.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini asitafutwe fundi wa kuimaliza kwa siku moja. Mwenzake aliyezaliwa Bukavu akamjibu, “Ndivyo ilivyokufa mara ya kwanza, ndugu yangu.”

Wazazi wenzetu, wengi wetu tunao watoto wanaoshinda barabarani wakingoja kuitwa kazini. Vyeti vyetu wenyewe havikutufaa sana ugenini. Lakini mkono uliozoea kupima hauhitaji kutafsiriwa. Pistoni mbili zimekwisha kuingia, mbili zimebaki. Nafasi ipo kwa kijana mwingine aliye tayari kupima kabla ya kukaza.