Miezi Mitano

Chama cha wakulima wa mboga anachoshiriki mama yangu, huko Mgeta, kina wanachama 41 na daftari moja la hesabu. Desemba, mweka hazina aliomba nilisome mbele ya mkutano. Ukisoma shahada ya uzamili mjini Morogoro, milimani wanaamini unajua kila kitu chenye namba.

Benki kulikuwa na shilingi 4,600,000. Wengi walitaka zigawanywe, maana Januari ilikuwa inabisha hodi na ada zake za shule. Kila mmoja angepata laki moja na ushee. Mimi nami nilidaiwa ada ya chuo, na njiani mama alikuwa ameshaninong'oneza kwamba fungu lake lingenisaidia.

Nikasoma. Kati ya fedha hizo, 3,900,000 zilitoka kwa mfadhili kwa ajili ya mabomba ya kumwagilia, na mkataba wake upo. Chama kimezishika tu. Akiba yenyewe ni 700,000. Kila mwezi mlinzi wa ghala, nauli ya katibu na karatasi hula 140,000.

"Kwa hiyo ni miezi mitano," nikasema.

"Mitano ya nini?" akauliza mzee mmoja.

Ya kuishi bila ada ya mwanachama hata mmoja, mzee wangu. Masika yakikata barabara ya kushukia Mlali, kabichi zikaozea shambani badala ya kufika Dar es Salaam, nani atalipa?

Darasani tunaambiwa akiba ya miezi mitatu hadi sita inaitosha asasi isiyo ya faida. Kipimo hicho, nadhani, hakikutungwa na mtu anayeuza kabichi. MVIWATA, mtandao wa wakulima wadogo ulioanzia Morogoro mwaka 1993, umewazoesha watu wa huku kujiunga katika vikundi. Kuiacha hela ikae tu benki, wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ni somo jingine kabisa, na sikuwalaumu walioguna.

Za mabomba hazikubishaniwa tena. Ubishi ulihamia kwenye zile laki saba, ambazo kwa kichwa kimoja ni elfu kumi na saba hivi.

Mama, ambaye mkutanoni huwa hasemi, akasimama akataka iandikwe kwamba yeye hagawani.

"Na ada ya mwanao je, mama?"

"Viazi vyangu bado viko ardhini."

Kura zikawa 22 kwa 19. Laki saba zikabaki benki.