Beberu na Winda Lake

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu fikra za watu hukimbilia ngoma, mavazi na mashairi. Sisi tuandikao kurasa hizi tumetunga mashairi kwa miaka mingi, wala hatuna haja ya kuyadharau. Lakini siku tuliyofunzwa maana ya utamaduni kwa uchungu mkubwa kuliko siku nyingine zote, hapakuwa na ngoma wala shairi. Palikuwa na mbuzi, na kosa tulilolitenda kwa mikono yetu wenyewe.

Tulilelewa na babu yetu katika kijiji kimoja cha Ugogo, mkoani Dodoma. Mvua za huko hunyesha kwa majira mamoja tu, tangu Desemba hivi hadi Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi kitupu. Babu alikuwa na mbuzi majike 14 na beberu mmoja mweusi. Kila mvua zilipokaribia kwisha, alimfunga beberu yule winda, yaani kipande cha ngozi ngumu kilichoning'inia chini ya tumbo, mbele ya uume wake, na kushikiliwa kwa kamba iliyopita mgongoni. Beberu alikula, akanywa, akatembea na kundi. Ila hakuweza kumpanda jike. Wamasai, jirani zetu wa upande wa kaskazini, huifuata desturi hiyo kwa kondoo na mbuzi wao, na Babu alituambia kuwa aliipata kwao.

Mwaka 1981 umri wetu ulikuwa miaka 10, nasi ndio tuliokuwa tukichunga. Ilipofika Mei, majike walikuwa wamenona kwa majani ya masika, na wengi wao wakawa katika joto. Beberu alihangaika mchana kutwa, akilia na kuwazunguka bila kupata kitu. Tulimwonea huruma. Tukawa tunamfungua winda tukifika machungani, na jioni tunamfunga tena kabla ya kurudi, ili Babu asijue. Tulifanya hivyo kwa siku nyingi, tukijiona watu wema.

Oktoba ikafika, jua likiwa kali na miti haina hata jani. Majike tisa wakazaa, mmoja baada ya mwingine. Chuchu zao zilikuwa kavu. Katika wana tisa walikufa sita, na mama wawili wakafa pamoja nao. Msomaji asiyeijua Ugogo huenda akadhani hiyo ni hasara ndogo. Kwetu mbuzi alikuwa ghala ya pili: mtama ukipungua mwezi Januari, mbuzi aliuzwa ili nafaka inunuliwe, na maziwa ya mbuzi aliyezaa yaliwashikilia watoto mpaka mavuno. Mwaka ule nafaka ilipungua kama kawaida, lakini mbuzi wa kuuza hawakuwapo, wala maziwa. Tulikula mlo mmoja kwa siku, na wadogo zetu walilia njaa usiku.

Babu hakutupiga. Siku ile wana-mbuzi walipokufa, alitupeleka tukawazike wenyewe, kisha akatuketisha penye zizi. Akasema, "Mjukuu wangu, hesabu miezi mitano kurudi nyuma." Tukahesabu kwa vidole: Septemba, Agosti, Julai, Juni, Mei. Tulipofika Mei sauti ilitukauka. Akatutazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Wewe ulimhurumia aliyekuwa akilia mbele yako. Mimi nilikuwa nikiwahurumia ambao hawajazaliwa."

Hiyo ndiyo maana yote ya winda. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Akiachwa afuate maumbile, hupandwa anaponona mwishoni mwa mvua, na huzaa kiangazi kinapokuwa kikali kabisa. Kwa hiyo Babu alimfungua beberu katikati ya Julai, ili wana wazaliwe kuanzia katikati ya Desemba, majani yanapochipua. Alimwacha huru wiki sita, kisha akamfunga tena. Hakuwahi kukanyaga darasa, wala hatukumwuliza kwa nini wiki sita.

Baadaye, katika utumishi wetu serikalini, tulifuatana na mabwana mifugo vijijini, nao wakatupa jibu. Jike hurudi katika joto kila baada ya siku 21 hivi. Basi wiki sita humpa nafasi mbili za kushika mimba. Wakatufundisha na mengine. Wana madume watengwe na mama zao na dada zao kabla hawajatimiza miezi minne, kwa maana baadhi yao huweza kupanda mapema hivyo. Mitamba naye asipandwe hadi afikie theluthi mbili ya uzito wa jike mzima, asije akadumaa au akashindwa kuzaa. Na beberu abadilishwe kabla ya kuwapanda binti zake. Asiyekuwa na winda aweza kujenga mazizi mawili na kuchunga makundi mbalimbali.

Tahadhari moja yafaa. Julai ya Babu ni ya nchi yenye mvua za majira mamoja. Penye vuli na masika, kama Pwani au Kilimanjaro, hesabu huwa nyingine. Urithi wetu hapa ni ile njia ya kuhesabu: kuanza na siku ya majani mabichi, ndipo kurudi nyuma miezi mitano. Tungependa walimu wawape wanafunzi kazi hiyo, kila shule kwa mvua za mahali pake, na wanafunzi wakawaulize wazee wa kwao walikuwa wakifanyaje.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sisi tulikuwa mjukuu huyo, na methali hiyo tunaijua kwa idadi: wana-mbuzi sita na mama zao wawili. Ndiyo maana tunaposikia mtu akiziita desturi za wafugaji wetu ujinga wa kale, humwomba kwanza ahesabu miezi.