Siasa za Mtaro

Tanzania huwezi kugombea hata uenyekiti wa mtaa bila chama. Hoja ya mgombea binafsi imepiganiwa mahakamani tangu mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila akiwa mstari wa mbele, ikafika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ambayo mwaka 2013 ilisema katazo hilo linavunja haki. Sheria haijabadilika. Kwa hiyo mtu anayekerwa na mtaro uliojaa taka mbele ya nyumba yake, akitaka kuushughulikia kwa kura, lazima kwanza achukue kadi. Mimi niliichukua kwa sababu hiyo, itikadi ikaja baadaye, tena kidogo. Chama chenyewe sitakitaja. Ninayotaka kusema yangekuwa yaleyale hata kama ningevaa rangi nyingine.

Nikapewa uenezi wa tawi. Wanaozijua siasa za mashinani watacheka, maana cheo hicho hupewa yeyote mwenye simu inayokaa na chaji na asiyeogopa kipaza sauti. Bajeti hakuna. Ofisi ni baraza ya mwanachama mmoja, bendera juu ya mti, mabenchi mawili, na kikao kinaanza pale katibu atakaporudi kutoka kibaruani. Nusu ya muda huenda kwenye taarifa ya ada za wanachama, na nusu ya nusu iliyobaki kwenye ugomvi wa nani hakualikwa kikao kilichopita. Yaliyobaki ndiyo siasa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa uliitishwa Desemba 14, 2014. Mtaa wetu uko Temeke, bondeni, pale ambapo mvua za masika huleta maji ya watu wengine mpaka ndani. Kutoka ngazi za juu tukaletewa karatasi ya kuzungumzia kwa wananchi. Ilikuwa na sentensi kama hii: "Kuboresha miundombinu ya majitaka kwa ushirikishwaji wa wadau wote." Nikaenda nayo kwa mama mmoja muuza vitumbua ambaye benchi lake asubuhi hukaliwa na watu wa kila chama, na wasio na chama pia. Nilitaka kumsomea kabla sijaipeleka popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Soma, nasikia."

Nikasoma. Alikuwa anageuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli, kimoja baada ya kingine, macho kwenye chuma. Nilipomaliza akasema, "Sasa mtu akikaa hapa akaniuliza nyie mmesema nini, nimwambieje?"

Nikamwambia tunataka mtaro uzibuliwe.

"Kwa hela ipi?"

Nikaanza kuhesabu: ada ya taka, michango ya ulinzi shirikishi, vijisenti vya barua za utambulisho, na ile pesa inayoachwa mezani watu wakishuhudiwa mauziano ya viwanja. Akamimina uji wa mchele kwenye matundu yaliyobaki.

"Na hizo mmesomewa lini?"

Hatukuwa tumesomewa. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho.

"Basi semeni hivyo."

Ndivyo tulivyosema. Tusomewe mapato na matumizi, mtaro uzibuliwe. Msamiati wa kusomewa mapato na matumizi hauhitaji maelezo kwa Mtanzania yeyote. Mwanakijiji wa Songea na mpangaji wa Tandika wanaujua, na wote wawili wanajua inavyouma kutosomewa. Hakikuwa kitu kipya tulichokibuni. Kilikuwa kero iliyokwisha kuwa na maneno yake, ila hakuna chama kilichoiokota.

Kilichonifunza zaidi ni namna neno lile lilivyotembea. Baada ya siku kadhaa nikalikuta kijiwe cha bodaboda, limeongezewa hesabu ya barua za utambulisho ambayo mimi sikuitoa. Dereva mmoja alikuwa amepiga hesabu zake: kila anayefungua akaunti benki, kila anayemwekea ndugu yake dhamana, anapita kwa mwenyekiti kuchukua barua. "Piga mara mtaa mzima," akawaambia wenzake. Sikumsahihisha. Tangu siku ile nikawa na kipimo changu cha maneno ya kampeni: je, mtu anaweza kumwambia mwenzake mimi nikiwa sipo, kwa lugha yake, na bado likawa lile lile? Karatasi ya ushirikishwaji wa wadau isingevuka benchi la vitumbua.

Mji huu uliwahi kuona kazi ya namna hii ikifanywa kwa ustadi mkubwa zaidi. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilikuwa chama cha wanaume. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipofika Dar es Salaam akauliza wanawake wako wapi, na kazi ya kuwaleta ikamwangukia Bibi Titi Mohamed. Hakuwa mtu wa ofisini. Alijulikana kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma, na alichofanya ni kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama. Vikundi vile tayari vilikuwa na viongozi, sare, michango, na utaratibu wa kuitana kukiwa na harusi au msiba. Ukimpata kiongozi, umewapata wote. Kufikia Oktoba mwaka huohuo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Kumbuka kwamba watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kuwa wanachama wa vyama vya siasa, hivyo wasomi wengi walibaki pembeni wakiogopa kupoteza kazi. Akina mama wa maandazi na wa pombe za kienyeji hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Wao wakakibeba chama.

Huwa nawasimulia hili vijana wanaokuja tawini na wazo la kufungua kundi jingine la WhatsApp. La kwetu lilikuwa na kelele kuliko kijiwe chochote, na kila aliyekuwemo alikuwa wetu tayari. Vikundi vyenye watu wa kushawishiwa vipo, lakini havikuundwa na chama: vikoba vya Jumamosi, timu ya mpira ya mtaa, kamati ya madrasa, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, wale wanaochota maji kisima kimoja. Humo mtu wa chama anaingia kama mwanachama wa kawaida, anatoa hisa yake, anakaa. Akiingia na fulana ya mgombea, mazungumzo yanabadilika na kuwa ya adabu tu.

Lakini neno kusambaa si neno kushinda. Mwaka 2020 Hashim Rungwe wa CHAUMMA aligombea urais, na nchi nzima ikaongea habari za ubwabwa aliouahidi. Watoto waliimba ubwabwa, watu wazima walitaniana kwa ubwabwa, na hadi leo jina hilo halijamtoka. Kwa kipimo changu cha benchi la vitumbua, huo ulikuwa ujumbe bora kuliko wote wa mwaka ule. Kura hazikuja. Watu waliufurahia kama utani mzuri, na mtu hampigii kura mtani wake kwa sababu amemchekesha. Nyuma ya neno lile hakukuwa na mabalozi, hakukuwa na matawi yaliyosimama kila mtaa, hakukuwa na mtu wa jirani wa kusema, "Huyu namjua, akisema anafanya."

Na kuna upande wa pili, neno kushinda halafu likamrudia mwenyewe. "Maisha bora kwa kila Mtanzania" ya mwaka 2005 ilibeba kura nyingi kwelikweli, na miaka michache baadaye ikawa kejeli ya kwenye daladala, abiria akibanwa mlangoni anaitaja. Kenya nako, mwaka 2022, William Ruto aliwaendea watu kwa jina ambalo tayari walikuwa wakijiita, mahasla, na alama ya wilibaro ambayo kila kijana wa sokoni ameisukuma. Ilikuwa kazi safi ya siasa. Sioni aibu kuisifu. Baadaye kodi zilipopanda, vijana walewale wakampa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia, na mwezi Juni 2024 wakajaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha. Kadiri ahadi inavyokuwa fupi na nyepesi kukumbukwa ndivyo inavyokuwa rahisi kudaiwa. Wanasiasa wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda miundombinu na wadau. Huwezi kumdai mtu wadau.

Turudi Temeke. Mgombea wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnyoofu, msomi kuliko wenzake wote kwenye karatasi ya kura. Mpinzani wake alikuwa fundi seremala asiyependa kuhutubia. Mkutano wake wa kampeni ulikuwa mfupi na wa kuchosha. Ila mtu huyo, miaka kwa miaka, ndiye aliyekuwa akishika daftari la rambirambi kila msiba ulipotokea mtaani. Nimemwona mara nyingi: kiti cha plastiki chini ya turubai, kalamu sikioni, jina na kiasi, jina na kiasi, na jioni anahesabu pesa mbele ya wazee wawili na kuzikabidhi kwa wafiwa bila kupungua shilingi. Aliyetoa mia tano aliandikwa kwa mwandiko uleule wa aliyetoa elfu hamsini. Akina mama wa benchi la vitumbua, ambao walilibeba neno letu la mapato na matumizi kuliko sisi wenyewe, waliposikia neno hilo walimwona yeye. Na kwa haki kabisa. Kati yetu sote, ni yeye pekee ambaye mtaa ulikuwa umemshuhudia akisoma mapato na matumizi.

Alishinda kwa kura chache. Ndani ya chama chetu yakaanza maneno ya kawaida: tumehujumiwa, mwenezi alikuwa mpole, tungegawa khanga na sukari kama wengine. Hoja ya khanga haifi. Kuna kipindi ilikuwa hata na jina la heshima katika sheria, takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta vifungu hivyo mwaka 2006 kwa kuwa vinapingana na Katiba. Jina lilifutwa, tabia ikabaki. Nimewaona watu wakipokea khanga ya mgombea mmoja asubuhi na sukari ya mwingine jioni, kisha wakampigia kura wa tatu. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni fedha hizo kutumika ndani ya chama chenyewe, kwenye kura za maoni, ambako wapiga kura ni wachache na kila mmoja ana bei inayojulikana. Anayepita hapo kwa kununua hafiki kwa wananchi akiwa na la kuwaambia.

Mkutano mkuu wa kwanza wa mtaa baada ya uchaguzi ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Ajenda ilikuwa utambulisho na mengineyo. Walipofika mengineyo, mama wa vitumbua akanyoosha mkono na kuuliza lini tutasomewa. Wakapiga makofi mpaka mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na asiye na haraka ya kusoma chochote, akainama kutafuta faili. Mwenyekiti mpya alisoma. Hesabu hazikuwa nzuri, lakini zilisomwa, zikabandikwa ubaoni nje ya ofisi, na mtaro ukazibuliwa kwa majembe na vijana waliolipwa kutoka fedha hizohizo. Robo iliyofuata akasoma tena. Iliyofuata hapo mkutano haukuitishwa, na hakuna aliyeuliza, nadhani kwa sababu mvua zilikuwa zimekatika.

Wenzangu tawini walisema tumempa mpinzani sera yetu bure. Sikubaliani nao. Tawi la chama lisilo na madaraka lina kazi mbili: kutafuta mtu ambaye mtaa unamwamini kabla ya msimu wa kampeni, na kuifanya kero isemeke kiasi kwamba yeyote atakayeshinda hawezi kuikwepa. Ya kwanza tulichelewa kuliko fundi seremala. Ya pili tuliifanya, na niko tayari kuitetea mbele ya kikao chochote.

Wewe unayesoma, una kadi au huna, unao mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji ambao sheria inataka uitishwe mara kwa mara. Kama hukumbuki wa mwisho ulikuwa lini, mwulize mwenyekiti wako wiki hii, na usiende kumwuliza peke yako. Nenda na watu wa kikoba chako.