Nilimsingizia Muuza Miche

Kosa nililifanya mimi, lawama nikambebesha mtu mwingine.

Jirani yangu hapa Leicester ni bibi aliyevuka miaka 80. Mwaka aliovunjika nyonga, mwishoni mwa Septemba alinikabidhi pauni 20 nimpandie maua kwenye tuta lililo mbele ya dirisha lake. Alitaka rangi ya kumvusha baridi mpaka majira ya kuchipua, maana alijua miezi hiyo yote ataimalizia kitini, akitazama nje.

Sokoni, muuza miche alinionyesha pansi na viola: vimche vifupi, kila kimoja na ua moja au mawili. Pembeni, kwa nusu bei, zilijaa impatiensi zilizofurika maua mekundu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Impatiensi huota kandokando ya vijito vya misitu yetu. Utotoni tulizoea kuminya vitumba vyake vya mbegu, vikipasuka vidoleni. Hata jina lake la kitaalamu la zamani, Impatiens sultani, lilitolewa kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Moyo wangu ukavutika. Muuzaji akaniambia waziwazi kwamba hayo ni maua ya kiangazi, jalidi itayaua. Nikayanunua hayo hayo.

Kwa wiki nne tuta liliwaka. Kisha ukaja usiku wa jalidi. Asubuhi nilikuta mashina yale manene, yaliyojaa maji, yamekuwa meusi na kulala chini. Niligusa moja, likatepeta mkononi kama mchicha uliopitiliza jikoni.

Bibi aliponiuliza, nilijibu: "Yule muuzaji katudanganya." Akaniamini, akawa anawaonya wageni wake wasinunue kwake. Toka Novemba hadi Machi alitazama udongo mtupu, nami kila nilipopita dirishani niliinamisha kichwa.

Nilikiri Aprili. Nilimweleza yote, kisha nikaenda kumwomba radhi muuzaji, ambaye hata hakujua kwamba alikuwa anachafuliwa jina.

Septemba iliyofuata nilipanda viola, udongo ungali na joto ili mizizi ishike kabla ya baridi. Maua yake ni madogo, lakini hustahimili mvua na upepo kuliko pansi za maua makubwa. Novemba nikafukia tunguu za tulipu katikati yake, kina mara tatu ya kimo cha tunguu. Januari theluji ililala juu ya viola. Ilipoyeyuka, zikainua vichwa.

Hata hivyo, ninachokikumbuka zaidi ni jibu la Bibi siku ile ya Aprili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Ungeniambia Novemba, Februari tungepanda primula."

Jalidi iliua maua ya mwezi mmoja. Majira mazima ya kuchipua niliyaua mimi, kwa uongo wangu.